Muulize Fundi: Nyumba imetoka kiwandani, kiwanja kiko tayari?

Tangu fedha za minada ya korosho zianze kuingia, barua nyingi ninazopokea zinauliza jambo moja: hizi nyumba zinazotengenezwa kiwandani, zikaja na gari na kuunganishwa kwa siku chache, zinatufaa sisi wa Kusini? Leo nimechagua barua tano. Kwa wasomaji wapya, mimi ni fundi sanifu wa majengo, mkazi wa Mikindani. Wakati wa ujenzi wa miundombinu ya gesi nilisimamia uunganishaji wa kambi za wafanyakazi upande wa Madimba na Msimbati, na mpaka sasa naitwa kukarabati baadhi ya vibanda vile. Kwa hiyo nazijua nyumba hizi zikiwa mpya na zikiwa zimekula chumvi ya bahari.

*

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni muuguzi, nimepanga Lindi mjini na nina kiwanja Mitwero chenye hati. Nimeona mtandaoni nyumba ya kukunjua kutoka China. Inakuja imefungwa kama boksi, ikifika mabawa yanafunguliwa, unapata vyumba viwili, sebule, jiko na choo. Wananiambia dola 9,800, na kwamba watu wanne wanaifungua kwa siku moja. Mkopo wangu wa kazini unatosha bei hiyo na chenji inabaki. Nilipe?
Muuguzi, Lindi

Marahaba, mwanangu. Usilipe kwanza.

Sisemi kwamba nyumba hizo ni mbaya. Nasema bei uliyopewa si bei ya nyumba iliyosimama Mitwero, ni bei ya mzigo ulioko kwenye bandari ya China. Itazame tena karatasi waliyokutumia. Pembeni ya hizo dola 9,800 nina hakika kubwa utakuta herufi FOB. Maana yake muuzaji anaupakia mzigo melini huko kwao, na kuanzia hapo kila kitu ni juu yako: nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 ambayo inapigwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru kwa pamoja, gharama za bandari, malipo ya wakala, lori na kreni ya kushushia. Mwombe muuzaji bei ya CIF hadi Mtwara, yaani yenye nauli ya meli na bima ndani yake, halafu nenda kwa wakala wa forodha zaidi ya mmoja wakupigie hesabu kwa msimbo 9406, ambao ndio wa majengo yaliyotengenezwa tayari. Waulize pia habari za cheti cha ubora cha TBS, kile kinachopatikana kabla mzigo haujaondoka kule unakotoka. Mzigo ukifika bila karatasi zake unalala bandarini, na ada ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku.

Liko na jambo la ukubwa ambalo wauzaji huwa hawalitaji mpaka uulize. Boksi hilo likiwa limefungwa lina urefu wa mita 5.9 na upana wa mita 2.2 hivi. Kontena la futi 40 linabeba mawili. Ukiagiza moja, nusu ya kontena unaisafirisha tupu na nauli unailipa yote. Tafuta mwenzako hapo hospitalini mwenye kiwanja na nia kama yako, muagize pamoja.

Bandari nayo ina maana kubwa. Tangu msimu wa 2023, korosho za Kusini zinasafirishwa kupitia bandari ya Mtwara, hivyo meli za makontena zinakuja huku msimu ukifika. Hakikisha hati ya shehena imeandikwa Mtwara. Ikiandikwa Dar es Salaam, una safari ya karibu kilomita 450 kwa barabara mpaka Lindi, na sote tunakumbuka Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilivyokatika pale Somanga na magari yakakwama pande zote mbili.

Sasa tuje kiwanjani, maana mimi huko ndiko ninakoitwa mambo yakiharibika. Nyumba hiyo ikifunguliwa inakuwa mita 5.9 kwa 6.3, yaani mita za mraba 37 hivi. Sehemu ya katikati ndiyo yenye fremu nzito, na mabawa mawili yanaletwa chini kwa bawaba. Bawa likikaa chini kidogo ya katikati, hata kwa unene wa kidole, mlango unakwama na ule mpira wa kuzibia maji kwenye maungio unaacha mwanya. Mvua ya kwanza tu utaona maji yanafuata ukuta kwa ndani. Kwa hiyo kabla hata kontena halijapakiwa China, nguzo za zege ziwe zimeshasimama Mitwero na zimekauka. Fundi apime levo ya kila nguzo kwa mpira wa maji, asiniambie ameona kwa macho. Na kabla ya kumwaga zege, avute futi kutoka kona hadi kona inayotazamana nayo, pande zote mbili. Kwa vipimo hivyo, kila upande usome mita 8.63. Zikipishana, nyumba imekwenda upande, na marekebisho yafanyike wakati bado ni vigingi na kamba, zege halijamwagwa.

Halafu uifunge chini. Nyumba ya paneli ni nyepesi mno ukiilinganisha na ya tofali, na upepo mkali hauisukumi tu kutoka ubavuni, unainyanyua. Wazee wa Lindi wanakikumbuka au wamesimuliwa kimbunga cha Aprili 1952. Zamisha bolti za milimita 16 kwenye zege la kila nguzo ya pembeni, zilizopakwa zinki kwa kuchovywa, na fremu ifungwe hapo. Kuiweka juu ya matofali makavu, kama video nyingi zinavyoonyesha, mimi siwezi kukuruhusu.

Paa lake ni karibu bapa. Weka bajeti ya paa la pili, la bati, lililosimama kwa nguzo zake, lenye mteremko na nafasi ya hewa kati yake na nyumba. Litakukinga na maji, litakukinga zaidi na jua la saa nane mchana. Paneli ya milimita 75 inazuia joto vizuri kuliko ukuta wa tofali, hilo ni kweli, ila joto likishaingia kwa dirishani na kwa kupika halitoki kama hukuacha njia ya upepo. Elekeza madirisha kwenye kusi na kaskazi.

Uliza sakafu imetengenezwa kwa nini. Nyingi zinakuja na mbao za magnesia. Denmark walizitumia sana kwenye kuta za nje za majengo, na miaka kumi hivi iliyopita wakakuta zinanyonya unyevu wa hewani na kutoa majimaji ya chumvi yanayokula skrubu na chuma. Kwa unyevu wa pwani yetu, waambie unataka ubao wa saruji na nyuzi. Chuma nacho kiwe na zinki isiyopungua gramu 275 kwa mita ya mraba, na rangi iwe ya daraja la C5, lile la mahali penye chumvi ya bahari. Kwenye vile vibanda vya Msimbati ninavyovikarabati, paneli zenyewe bado nzima. Kilichooza ni skrubu. Mtu aliokoa fedha kidogo sana kwenye skrubu za kawaida, na sasa kila tundu lina mchirizi mwekundu wa kutu.

Malipo ya kawaida ya viwanda vya kule ni asilimia 30 ya kuanzia na asilimia 70 kabla mzigo haujaondoka. Kabla ya ile 70, lipia mkaguzi wa kujitegemea aende kiwandani. Kampuni kama SGS, Intertek na Bureau Veritas zinafanya kazi hiyo. Na kabla ya ile 30, peleka michoro kwenye halmashauri ya manispaa uone kama watakupa kibali cha ujenzi. Mhandisi wa manispaa atataka michoro ya msingi na ya namna nyumba inavyofungwa chini, iliyosainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa hapa nchini. Picha za kwenye simu hatazipokea, na yuko sahihi.

Ukishajumlisha yote haya, pamoja na shimo la maji taka, kuvuta maji na umeme, na jumla ikawa bado ndani ya mkopo, niandikie tena, nitakusaidia kuikagua hiyo orodha mstari kwa mstari. Ikizidi, kiwanja chako hakiendi popote.

*

Binti yangu fundi, mimi ni mzee mstaafu, nipo Mingoyo. Mwanangu anaishi Marekani, jimbo la Ohio. Ananitumia video za nyumba za kule, zinatoka kiwandani zikiwa na vyumba, mabafu na makabati yake, zinabebwa na lori usiku zikalala kiwanjani. Anasema ataninunulia moja kama hizo nimalizie uzee wangu. Nimkubalie?
Mzee, Mingoyo

Shikamoo baba. Mshukuru sana kijana, moyo wake ni mzuri. Fedha zipokee, nyumba hiyo mwambie aiache huko huko.

Vipande vya nyumba hizo huwa na upana wa hadi futi 16, karibu mita 4.9, na urefu unaoweza kufika futi 60. Upana wa ndani wa kontena la meli ni mita 2.35. Haviingii, na kuvisafirisha nje ya kontena ni gharama ambayo ingejenga nyumba nyingine. Hata vikifika Mtwara, kuvipitisha barabarani mpaka Mingoyo kunataka kibali cha mzigo usio wa kawaida, magari ya kuongoza, na kreni kubwa.

Halafu mifupa yake ni mbao laini za msonobari, ukutani ni jipsamu. Mchwa wa Mingoyo unawajua kuliko mimi. Na umeme wake ni wa volti 120 wakati wetu ni 230, kwa hiyo waya, soketi, feni na jiko vyote vingebadilishwa.

Mwanao aelewe pia kwamba kule kwao ziko za aina mbili ambazo kwenye video zinafanana. Moja inajengwa juu ya chesi ya chuma yenye magurudumu na inafuata kanuni ya serikali kuu iliyoanza Juni 1976. Nyingine inafuata kanuni za ujenzi za mahali inapokwenda kukaa na inawekwa juu ya msingi wa kudumu. Thamani na mikopo yake havilingani. Nimelitaja kwa sababu wako vijana wetu huko wanaonunua kwa ajili yao wenyewe.

Lipo jambo moja la kule ambalo ningependa mlichukue. Nyumba ya kiwandani haianzi kutengenezwa mpaka kila kitu kimeamuliwa: soketi iko wapi, bomba linapita wapi, mlango unafunguka upande gani. Sisi tunaanza msingi huku tukiwaza choo tutakiweka wapi, halafu tunatindua ukuta uliokwisha pigwa lipu. Mwambie kijana alipie kwanza ramani kamili na makadirio ya vifaa, wewe baba uketi na mchoraji umwambie unavyoishi: kwamba hutaki ngazi, kwamba choo kiwe karibu na chumba cha kulala, kwamba baraza iwe pana ya kukalia na wageni. Baada ya hapo jengeni kwa tofali, na fedha zitoke kwa hatua, fundi akimaliza hatua moja na mtu mnayemwamini akaikagua.

*

Habari za kazi Mama Fundi. Nina kiwanja kidogo Masasi kando ya barabara. Nataka kununua kontena lililotumika, futi 40, nusu liwe duka na nusu nilale mimi na mke wangu. Nizingatie nini?
Kijana, Masasi

Nzuri, mwanangu. Kwa duka nakuunga mkono kabisa. Kwa kulala, nisikilize kwanza.

Anza na karatasi. Kontena huingia nchini kubeba mzigo na kutoka. Linalobaki kuuzwa linatakiwa liwe limelipiwa ushuru. Omba kuona hati hiyo, usiridhike na maneno ya muuzaji, kwa sababu wewe ndiye utakayekutwa nalo.

Kisha ingia ndani mchana, mwombe mtu akufungie milango, usimame kimya mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la kutu litaonekana kama mwanga. Tazama hasa juu ya paa na chini ya milango. Halafu toka nje usome kibao cha chuma kilichopigwa ribiti mlangoni. Humo mna mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi mstari unaoeleza dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu kuzuia wadudu. Sakafu hizo zimetiwa viuatilifu vikali, na zinaweza pia kuwa zimemwagikiwa shehena usiyoijua. Duka la vifaa sawa. Kwa mahali pa kulala mtu na mtoto atambae, ng'oa mbao zote, au zifunge kwa rangi ya epoksi kisha uweke sakafu nyingine juu.

Nguvu ya kontena iko kwenye nguzo nne za kona na kwenye yale mabati ya mikunjo ya ubavuni. Mafundi wetu wa kuchomelea wakipewa kazi ya kutoboa dirisha na mlango wa duka wanakata tu, na baada ya muda paa linaanza kulegea katikati. Kila uwazi uzungushiwe fremu ya bomba la mraba kabla kipande hakijatolewa. Hilo mwandikie fundi kwenye makubaliano.

Upana wa ndani ni mita 2.35. Ukiweka kizuia joto na ubao wa ndani unabakiwa na mita 2.2 au pungufu. Kitanda cha futi sita kinakuachia kinjia chembamba tu. Na Masasi si pwani, hakuna upepo wa bahari wa kukuokoa. Bila kizuia joto na bila kivuli cha paa la juu, chuma kile mchana wa Novemba hakikaliki. Kama bado unataka, nunua lile refu kwa kimo, lenye mita 2.69 ndani, la kawaida lina 2.39. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba kontena lote liwe duka na stoo, na nyuma yake ujenge chumba kimoja cha tofali chenye dirisha pande mbili. Mkeo atakushukuru.

*

Mama, pole na kazi. Mimi na mume wangu ni walimu Newala, tuna ekari kadhaa za mikorosho. Tunajenga kila msimu kidogo kidogo. Wenzetu wanasema tuachane na tofali, tununue nyumba ya fremu za chuma na paneli kutoka Dar es Salaam, inasimama kwa wiki chache na mchwa hawaigusi. Je, ni nafuu? Na itadumu?
Mwalimu, Newala

Asante, mwalimu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, kwa sababu linagusa namna familia nyingi za Mtwara na Lindi zinavyojenga.

Mnauza korosho ghafi kupitia chama cha msingi, mnada unafanyika, fedha zinaingia, ada za watoto zinatoka, salfa ya msimu ujao inatengwa, kinachobaki kinakwenda kwenye nyumba. Msimu huu tofali, ujao msingi, unaofuata kuta hadi linta. Nyumba ya tofali inakubali mwendo huo. Msingi ulioumwaga vizuri utaukuta ulivyo, bei ikianguka mwaka mmoja unapumzika, unaendelea mwaka unaofuata. Nyumba ya kiwandani haina subira hiyo. Kiwanda kinataka fedha zote ndani ya miezi michache, na ukikwama katikati unabaki na malipo ya awali yaliyoliwa, au paneli zimelala uani zinapigwa jua na mikunjo yake inaharibika. Nimeziona paneli za namna hiyo, familia ikizitumia kuzungushia banda la kuku, na iliniuma.

Kwa hiyo swali la unafuu silijibu kwa kulinganisha bei ya mita ya mraba peke yake. Nauliza: fedha zenu ziko mkononi zote, au ziko mtini? Aliye na fedha zote na analipa pango kubwa kila mwezi, au shirika linalohitaji zahanati kabla ya mvua, wiki chache za kuunganisha zinamletea faida halisi. Ninyi mnaishi kwenye nyumba yenu ya zamani, hamlipi pango, na fedha zinakuja mara moja kwa mwaka. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara. Mafundi wa tofali mnao kijijini, na nyufa ikitokea mtaita fundi wa jirani. Bawaba maalumu au paneli iliyobonyea mtaisubiri kutoka Dar.

Kuhusu kudumu, zinaweza kudumu sana. Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilisimamisha nyumba za kiwandani zaidi ya 156,000 kwa ajili ya waliobomolewa na mabomu. Zilipangiwa kukaa miaka 10 hivi. Nyingine zilikuwa bado zina watu baada ya miaka 60, kwa sababu waliokaa humo walizipenda na wakazitunza. Kutunza ndiko kwenye kazi: kukagua skrubu, kupaka rangi penye mkwaruzo kabla kutu haijaota, kubadili silikoni kwenye maungio. Na kwenu mnakopikia kuni, kuna la moto. Paneli nyingi za bei ndogo zina povu jeupe katikati. Povu hilo linawaka na kutoa moshi mzito wenye sumu. Zipo zenye sufi ya mwamba ambayo haiwaki, na huku kwetu mimi nashauri hizo peke yake, tena jiko la kuni libaki nje ya nyumba, kwenye banda lake.

Mchwa ni kweli hawali chuma. Ila hamhitaji nyumba nzima ya chuma ili kuwashinda. Wanachokula kwenye nyumba ya tofali ni kenchi, fremu na dari. Jengeni kuta kwa misimu yenu kama mlivyozoea, na mkifika kwenye paa, hapo ndipo mwende kiwandani. Kenchi za chuma chepesi zinakatwa kwa mashine kufuata ramani yenu, zinakuja zimefungwa mafungu yenye namba, na mafundi wanazisimamisha kwa muda mfupi. Sharti lake ni moja: kuta ziwe zimenyooka na linta iwe levo, kwa sababu mbao fundi anaweza kuichonga kidogo ikaingia, kenchi ya kiwandani haichongwi. Mkitaka kupunguza saruji ya kuta, ulizeni habari za tofali za kufungamana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezifanyia kazi miaka mingi, na mchanga wenu mwekundu unastahili kupimwa kama unafaa. Tofali hizo zinapangwa bila udongo wa saruji katikati.

Na kwa kuwa mko Newala, ambako maji ni taabu ya kila nyumba, paa lifikirieni kama chanzo cha maji tangu kwenye ramani. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu, lita 1,000 zimepita hapo, mkiondoa kidogo kinachopotea. Mifereji na tangi la chini vikiingizwa kwenye hesabu za kenchi mapema, kiwanda kitawapa ncha za kupigilia mifereji bila gharama kubwa. Mkisubiri nyumba iishe, mtazibandika kwa waya.

*

Fundi, nimepanga kwenye nyumba ya paneli za chuma hapa Shangani. Siku za mvua nikigusa ukuta wa bafuni nasikia umeme unanichezea vidoleni. Mwenye nyumba anasema ni kawaida ya nyumba za bati. Ni kweli?
Mama wa watoto wawili, Mtwara

Si kweli, mdogo wangu, na barua yako nilitamani ningeipata kwa simu. Hiyo ni dalili kwamba waya mahali fulani umechubuka, mara nyingi pale ulipopitishwa kwenye tundu la chuma bila kuvalishwa mpira, na umeme unaingia kwenye fremu ya nyumba. Kwa kuwa fremu haina arthi, unakaa humo kumsubiri mtu aliyesimama penye maji.

Zima swichi kuu leo. Watoto wasiingie bafuni humo mpaka kazi iishe. Mwite fundi umeme mwenye leseni, apime uvujaji wa kila laini, na umwambie unataka mambo matatu afanye mbele yako: fremu ya nyumba iunganishwe kwa waya wa shaba na fimbo ya arthi iliyozamishwa ardhini penye unyevu, ifungwe swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, kisha abonyeze kitufe chake cha majaribio uone inakata, na kila mahali waya unapopita kwenye chuma pavalishwe mpira. Arthi peke yake bila hiyo swichi haitoshi. Mwenye nyumba akikataa kulipa, omba TANESCO waje kukagua, na mpaka hapo lala kwa jirani.